Kukaa Kiti cha Jaji: Namna ya Kupima Mwimbaji Kwenye Shindano la Runinga

Mshiriki wa shindano la runinga hupewa wimbo uliokatwa. Ubeti, kiitikio, pengine ubeti wa pili au kipande cha katikati, kiitikio tena, basi. Dakika moja na nusu, mbili zikizidi. Makofi yakitulia kamera inamgeukia jaji, na jaji ana nusu dakika ya kusema jambo ambalo huyo mwimbaji atalikumbuka kwa miaka. Ndiyo maana naiheshimu kazi hii, na ndiyo maana huniuma kumsikia jaji akisema "sijui, kuna kitu kinakosekana" halafu anatoa alama. Kama kuna kitu kinakosekana, kazi ya jaji ni kukitaja.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyealikwa kukaa kwenye meza hiyo kwa mara ya kwanza, awe mwanamuziki, mtangazaji au mwalimu wa kwaya. Anayepiga kura akiwa sebuleni naye atapata chake humu. Msimamo wangu ni mmoja: alama itoke kwenye kile kilichoimbwa usiku ule, na kila pointi uliyoikata uweze kuonyesha imekatwa sehemu gani ya wimbo.

Hatua ya 1: Jua kura yako inafanya kazi gani

Kabla hujasikia sauti yoyote, mwombe mtayarishaji akupe kanuni kwa maandishi. Mashindano haya hayafanani. Kwenye mtindo ulioanza na Pop Idol ya Uingereza mwaka 2001, kisha American Idol mwaka 2002, majaji ndio wenye rungu wakati wa usaili na mchujo wa mwanzo. Baada ya hapo watazamaji huamua kwa kura na jaji hubaki na maneno tu. The Voice, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2010, huanza na majaji waliompa mgongo mwimbaji, wanabonyeza kitufe kwa kusikia peke yake, kisha jaji huyohuyo anakuwa mwalimu wa timu yake. Eurovision nayo, shindano la nyimbo la Ulaya, tangu mwaka 2009, fainali zake hugawa nguvu kati ya majopo ya wanamuziki na kura za watazamaji. Majopo hayo hutoa alama kwa onyesho la mazoezi la usiku wa kuamkia fainali, kwa hiyo mwimbaji aliyepungukiwa na pumzi usiku ule anaweza kuwa ameshapoteza pointi kabla watu hawajawasha runinga zao.

Uliza mambo matatu. Alama yangu inahesabiwa, au ni ushauri kwa watakaopiga kura? Tunatafuta sauti bora, au msanii atakayeingia studio kurekodi kesho yake? Napima onyesho la leo, au safari nzima ya mshiriki? Jibu la swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kama kanuni inasema onyesho la leo, basi aliyetutoa machozi wiki iliyopita na leo akaimba ovyo, leo ameimba ovyo.

Na kama kati ya washiriki kuna ndugu yako, mwanafunzi wako au mtu uliyewahi kumrekodi, sema mapema, mbele ya majaji wenzako, na ukae kando zamu yake inapofika. Usingoje watu waligundue wenyewe katikati ya msimu.

Hatua ya 2: Andaa karatasi yako kabla taa hazijawaka

Shindano likikupa fomu yao, itumie hiyo. Lisipokupa, tengeneza yako. Mimi hugawa alama 100 hivi: noti na udhibiti wa sauti 40, maneno na hisia 20, mapigo 15, kuimiliki steji 15, kuuchagua na kuupanga wimbo 10. Wengine wataona steji nimeipunja. Nimefanya hivyo makusudi: ni shindano la waimbaji, na steji ina watu wengi wanaoisaidia ambao hawashindani, kuanzia wa taa mpaka mbunifu wa mavazi. Noti ni ya mwimbaji mwenyewe.

Sasa fanya jambo ambalo majaji wengi hulikwepa kwa sababu linachosha. Andika kila kiwango kina maana gani, kwa maneno, kabla ya mshiriki wa kwanza. Kwa mfano upande wa noti: 20 kati ya 40 ni mtu anayeujua wimbo lakini ameteleza mara nyingi kiasi kwamba hata asiyejua muziki ameshtuka. 28 ni aliyetulia sehemu ya katikati ya sauti yake, akayumba alipopanda au aliposhuka sana. 34 ni aliyeteleza mara moja au mbili na kurudi haraka. 38 ni aliyekuwa bwana wa kila noti, hata zile za kunong'ona. Usipoandika haya, mshiriki wa kwanza ndiye atakayekuwa kipimo chako bila wewe kujua, na wote watakaofuata watapimwa kwa yeye.

Chini ya sehemu ya alama acha nafasi kubwa ya maandishi, na uigawe kwa vipande vya wimbo: U1 kwa ubeti wa kwanza, K1 kwa kiitikio cha kwanza, kisha U2, K2 na mwisho. Tumia alama za mkato, maana wimbo haukungoji. Mshale wa kushuka kwa noti iliyoanguka chini, wa kupanda kwa iliyozidi, mkwaju (/) mmoja kwa pumzi iliyokatika mahali pabaya, nyota kwa jambo zuri. Ukurasa wa mshiriki mmoja unaweza kusomeka hivi: "U1: ametulia, nyota kwenye mstari wa 2. K1: mshale chini, neno la mwisho, mara mbili. K2: palepale tena. Mwisho: kionjo kizuri, amerudi nyumbani salama." (Kionjo ni pambo la noti analoliongeza mwimbaji.) Mistari minne hiyo inatosha kumpa alama na kumpa maneno, na jaji mwenzako akikubishia una kitu mkononi.

Hatua ya 3: Ubeti wa kwanza, sikiliza bila kutazama

Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio ambayo kila jaji anapaswa kuyajua. Aliwapa watu vipande vifupi vya washindani wa fainali za muziki wa klasiki. Wengine walipewa sauti peke yake, wengine picha isiyo na sauti, wengine vyote viwili, kisha akawauliza ni nani aliyeibuka mshindi. Waliotazama picha bila sauti ndio waliopatia zaidi, na wanamuziki wenye kazi yao hawakuwashinda watu wa kawaida. Hao walikuwa wapigaji wa muziki wa klasiki, bila wacheza shoo wala moshi wa jukwaani. Kwenye runinga, penye mataa na skrini kubwa nyuma ya mwimbaji, macho yana nguvu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ubeti wa kwanza wote, tazama karatasi yako. Mwambie mtayarishaji mapema kwamba utainamisha kichwa, na uombe washiriki nao waambiwe, ili kijana asidhani umemdharau. Kisha sikiliza mambo haya.

Noti. Umbali kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye piano, nyeupe na nyeusi ya jirani yake, hugawanywa senti 100. Noti inayoshikiliwa muda mrefu ikipinda kwa robo ya umbali huo, msikilizaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukisema. Noti inayopitwa haraka inaweza kupinda zaidi ya hapo na mtu asijue. Kwa hiyo elekeza sikio lako kwenye noti ndefu: mwisho wa mistari, na lile neno refu la kiitikio. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Lakini kusema "umetoka nje ya ki", yaani kimo ambacho wimbo unaimbiwa, hakutoshi, maana kuna njia nyingi za kutoka. Yupo anayeianza kila noti kutoka chini na kuiteleza mpaka mahali pake. Akifanya hivyo kwenye neno moja zito, ni mtindo. Akifanya kila mstari, ni mazoea ya kuficha kwamba hana uhakika noti iko wapi. Yupo anayeanza vizuri na kuanguka mwisho wa mstari. Huyo tatizo lake mara nyingi ni pumzi wala si sikio, na ushauri wake ni tofauti kabisa. Yupo anayezidi juu, hasa kwenye kiitikio cha mwisho, kwa sababu ya hofu au kwa sababu anaisukuma sauti. Yupo aliyekuwa sawasawa mpaka bendi ilipopandisha ki, naye akachelewa kuhama.

Na yupo ambaye wimbo mzima amekaa chini kidogo ya bendi, sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuyumba. Huyo mshuku haraka kwamba haisikii bendi. Waimbaji wa steji hutegemea spika zinazowarudishia sauti, au visikilizio vya masikioni, na vikikatika mtu huimba kama aliyezibwa masikio. Alama zake zitapungua, kwa kuwa kilichosikika ndicho kilichosikika, na sioni njia ya haki ya kumpa alama za noti ambazo hakuziimba. Ila kabla ya mshiriki anayefuata, mwombe fundi wa sauti akague, na kwenye maneno yako usimlaumu kijana kwa waya uliokatika. Kama kanuni zinaruhusu arudie, pigania arudie.

Vionjo. Hapa ndipo majaji wapya hukosea pande zote mbili: wengine hudhani kila mnyumbuko ni ustadi, wengine hudhani kila noti isiyo ya kwenye rekodi ni kosa. Kipimo changu ni kutua. Mwimbaji akiondoka kwenye noti, akazungukazunguka na kutua pale alipokusudia, kwa wakati, ni kionjo. Akizunguka na kutua popote, alikuwa anatafuta. Kama huna uhakika, ngoja kiitikio cha pili: kosa na kionjo vyote vinaweza kurudi palepale, lakini kionjo hurudi na uhakika uleule, na kosa hurudi na kusitasita kulekule. Kumbuka pia kwamba miziki yenye asili ya Kiarabu ina noti zinazokaa katikati ya noti za piano. Mwimbaji aliyelelewa kwenye miziki hiyo akizigusa, jaji aliyelelewa kwenye piano asikimbilie kuandika mshale. Kama huujui mtindo anaouimba, muulize mwenzako mezani aliyeukulia.

Pumzi. Sikiliza inavunjwa wapi. Neno likikatwa katikati ili mtu avute hewa, andika mkwaju. Hewa inayovutwa kwa kelele kila mstari huonyesha kifua kinachofanya kazi ya tumbo, na mwimbaji wa namna hiyo huchoka kabla ya mwisho.

Mahali sauti inapohama. Kila mwimbaji ana eneo ambapo sauti nzito ya kifuani inapaswa kuipisha nyepesi ya kichwani. Aliyefundishwa hulivuka usijue. Asiyefundishwa hukwaruza, hupasuka, au huanza kupiga kelele ili asivuke. Wapo wanaoacha sauti ipasuke makusudi kwa sababu ya hisia, na ni jambo zuri likifanywa mara moja.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa sababu kimeharibu hukumu nyingi. Ukumbi hupiga makofi kwa noti ya juu na ndefu. Makofi hayo yataijaza studio na kuingia kwenye kalamu yako usipoangalia. Kabla ya kuweka nyota jiulize: noti hiyo ilikuwa safi, au ilikuwa kubwa? Kisha rudi kwenye ubeti wa kwanza, pale mwimbaji alipokuwa na gitaa moja au kinanda peke yake, sauti ya chini, bila pa kujificha. Kuimba chini, taratibu, na noti ikabaki imesimama, ni kazi ngumu kuliko kuimba kwa nguvu. Anayeiweza kazi hiyo mlipe.

Hatua ya 4: Mapigo na maneno

Mapigo hayahitaji maneno mengi. Gonga kidole chako chini ya meza pamoja na ngoma. Mwimbaji anaweza kukaa nyuma kidogo ya biti na wimbo ukapendeza. Anaweza kutangulia kidogo na ukapata msisimko. Kosa ni kuhamahama: mstari huu nyuma, ule mbele, kwa sababu ya woga. Angalia hasa pale anapoingia baada ya bendi kucheza peke yake, maana hapo hakuna wa kumshika mkono.

Maneno yanataka muda zaidi. Funga macho kwenye ubeti wa pili, ambao watu wengi hawaukumbuki, ujaribu kueleza moyoni anasema nini. Ukishindwa, na lugha unaijua, matamshi yamezama. Kisha sikiliza kama anajua anachokiimba. Wimbo wa kuachwa ulioimbwa kwa tabasamu kuanzia mwanzo hadi mwisho unaonyesha mtu aliyekariri. Wimbo wa furaha uliojaa vilio unaonyesha mtu aliyeambiwa hisia ni kulia. Tafuta neno moja alilolibeba tofauti na mengine, uliandike. Neno hilo utalihitaji utakapofungua mdomo.

Kusahau maneno, je? Mimi hukata kidogo kwa aliyesahau akaendelea bila kupoteza noti wala biti, na hukata sana kwa aliyesimama. Wengine huwaadhibu wote sawa. Sikubaliani nao, kwa sababu kuokoa wimbo mbele ya watu ni sehemu ya ufundi wa kuimba laivu.

Hatua ya 5: Sasa inua macho

Kuanzia kiitikio, ukiacha ule ubeti wa pili, tazama. Anaimbia nani? Kamera, ukumbi, au sakafu? Mkono unaotembea unafuata maneno, au unafuata mazoea? Maikrofoni inasogea mbali kidogo noti zinapopanda na kukaribia zinaposhuka, au imekaa palepale mpaka sauti inachoma masikio? Kama anacheza, noti zinabaki salama? Mwimbaji aliyesimama wima dakika mbili na kukushika muda wote amepata alama zake za steji zote. Kutembea huku na huku si kipimo.

Uchaguzi wa wimbo ni pointi 10 tu lakini huvuta nyingine zote. Mtu mwenye sauti nzito, ya chini, akichukua wimbo wa sauti ya juu bila kushusha ki, atapoteza kwenye noti, kwenye pumzi na kwenye hisia. Ukiona hivyo jua mzizi ni mmoja, usimpige mara tatu kwenye maelezo yako. Mwambie ashushe ki. Na kwenye mashindano mengi wimbo huchaguliwa na watayarishaji au hutokana na mada ya wiki. Uliza kabla ya kulaumu.

Hatua ya 6: Andika alama kabla mtu hajasema neno

Wimbo ukiisha, andika. Kabla ya makofi kutulia, kabla ya jaji mwenzako kusimama, kabla ya mtangazaji kumuuliza mama mzazi anajisikiaje. Ukishamsikia jaji wa kwanza akisema "ajabu kabisa", namba yako haiwezi kubaki ilipokuwa.

Zamu nayo ina nguvu zake. Kwenye shindano la Queen Elisabeth la Brussels, upande wa wapiga piano na fidla, mpangilio wa kupiga hupatikana kwa kura ya bahati nasibu; watafiti walipochunguza matokeo ya miaka mingi wakakuta waliopiga siku za mwisho walipata nafasi nzuri zaidi kuliko wa siku za mwanzo. Bahati nasibu haiwezi kuwapeleka wenye vipaji wote mwisho wa foleni. Ni majaji waliokuwa wakibana alama mwanzoni na kulegea mwishoni. Dawa ni yale maelezo ya viwango uliyoandika hatua ya pili: kila mshiriki mpime kwa hayo. Mshiriki wa mwisho akishuka steji, rudi kwa wa kwanza watatu, soma maandishi yako upya, ujiulize kama leo hii ungewapa namba ileile. Kama kanuni zinaruhusu kurekebisha, rekebisha.

Hatua ya 7: Kisa cha maisha kiache nje ya karatasi

Runinga itakuonyesha alikotoka mshiriki. Ugonjwa, msiba, kazi ngumu ya usiku. Visa hivyo ni vya kweli mara nyingi na vinastahili heshima. Lakini aliyekaa kwenye kiti cha pili naye ana maisha yake, ila kamera haikwenda kwao. Ukimwongezea huyu alama tano kwa machozi, umemkata yule alama tano kwa kukaa kimya. Mimi humwomba mtayarishaji asituonyeshe majaji filamu hizo fupi kabla ya wimbo. Wakikataa, inama uandike jina la wimbo unaofuata.

Sura na umri ni vivyo hivyo. Mwaka 2009 Susan Boyle, mwanamke wa miaka 47, alipanda steji ya Britain's Got Talent, na kabla hajaimba ukumbi ulikuwa unamcheka waziwazi. Alipofungua mdomo walisimama. Watu wengi hulisimulia tukio hilo kwa furaha. Mimi huwafikiria waliochekwa hivyo, wakatetemeka, na sauti zao hazikutoka.

Na usijidanganye kwamba nafasi aliyoipata mtu ndiyo thamani yake. Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba kwenye American Idol mwaka 2004. Mwaka 2007 alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, kwa filamu ya muziki. One Direction walimaliza wa tatu kwenye X Factor ya Uingereza mwaka 2010. Kuyajua haya kunapaswa kukufanya uchague maneno vizuri unapomuaga mtu anayeondoka.

Hatua ya 8: Sema sentensi tatu

Ya kwanza: jambo moja zuri ulilolisikia, na mahali lilipokuwa. Ya pili: jambo moja la kurekebisha, na mahali lilipokuwa. Ya tatu: afanye nini. Ukizidisha hapo hatakumbuka lolote, maana damu inamchemka na taa zimemkabili.

Linganisha. Jaji anasema: "Dada yangu, leo hukunigusa. Sijui, nahisi huko tayari." Anaondoka na nini? Sasa huyu: "Dada, ubeti wa kwanza ulipolishusha lile neno 'rudi' karibu na kunong'ona, nilisahau kuandika. Kwenye kiitikio, mwisho wa mistari noti ilianguka, mara zote mbili, kwa sababu pumzi ilikwisha kabla ya neno. Vuta hewa kabla ya mstari badala ya katikati, na wiki ijayo mistari hiyo iimbe taratibu mara kumi kabla hujaiimba kwa kasi." Maneno hayo yametoka kwenye karatasi, na yamechukua chini ya nusu dakika.

Mwili wa mtu, uzito wake, meno yake, lafudhi ya kwao, havina nafasi kwenye sentensi hizo. Mavazi yataje tu kama yalimzuia kupumua au kutembea. Kumlinganisha na mshiriki mwenzake mbele ya kamera ni kuwagombanisha watu wanaolala bweni moja. Na ukali? Ukali wa kweli naupenda: "Umeimba chini ya uwezo wako, na hukuufanyia wimbo mazoezi, ubeti wa pili umeusoma kwenye mkono." Ni maneno makali yenye ushahidi. Kejeli ni kitu kingine, hata ikiwachekesha watu ukumbini. Mbele ya watoto punguza sauti, sema jambo la kurekebisha moja dogo, na lile zuri liwe la mwisho kusikika.

Hatua ya 9: Kujumlisha alama za meza nzima

Watu hudhani hapa ni hesabu tu. Chukua washiriki watatu, Ali, Bahati na Chausiku, na majaji watatu. Jaji wa kwanza anawapa 84, 82 na 80. Wa pili anawapa 83, 84 na 79. Wa tatu, anayependa kutoa namba zilizoachana sana, anawapa 60, 70 na 95. Jumlisha: Ali 227, Bahati 236, Chausiku 254. Chausiku ameshinda kwa mbali, ingawa majaji wawili kati ya watatu walimweka wa mwisho. Jaji mmoja ameamua peke yake.

Sasa geuza namba hizo ziwe nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa kila jaji, kisha ujumlishe nafasi. Ali anapata 1, 2 na 3, jumla 6. Bahati 2, 1 na 2, jumla 5. Chausiku 3, 3 na 1, jumla 7. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi: Bahati. Eurovision hufuata njia ya namna hii, jopo linapanga nyimbo kwa nafasi, kisha nafasi zinageuzwa pointi: 12 kwa ya kwanza, 10 kwa ya pili, halafu 8 kushuka hadi 1. Kama shindano lenu linajumlisha namba tupu, ombeni zibadilishwe kuwa nafasi, au mkubaliane kabla ya siku ya kwanza mipaka finyu ambayo alama zote zitakaa ndani yake. Kukata alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kunafaa mkiwa majaji watano na kuendelea. Mkiwa watatu mtabaki na jaji mmoja.

Sare ikitokea, fungueni alama za noti na udhibiti wa sauti peke yake, aliyezidi hapo apite. Liamueni hilo kabla ya msimu kuanza, lisije likazua ugomvi saa nne usiku.

Kwa anayehukumu akiwa nyumbani

Sauti inayokufikia si ile iliyojaa studio. Imepita kwenye meza ya fundi, imeongezwa mwangwi, imesawazishwa na bendi. Programu ya kunyoosha noti, Auto-Tune, ipo tangu 1997, na mwaka 2010 watayarishaji wa X Factor ya Uingereza walikiri kwamba sauti za usaili uliorekodiwa zilikuwa zimeguswa. Onyesho lililorekodiwa kabla lipime kwa tahadhari; la moja kwa moja lina ukweli zaidi. Noti inayoruka kutoka mahali hadi mahali bila kuteleza hata chembe, kama ngazi, mara nyingi imenyooshwa na mashine. Sikiliza pia kama sauti za waitikiaji zimemfunika kwenye kiitikio: zikinyamaza ghafla kwenye ubeti, utamsikia yeye mwenyewe. Jaji wa studio naye ana tatizo kinyume cha hilo, kwa kuwa kelele za ukumbi humzibia mwimbaji. Aombe kisikilizio chenye sauti inayokwenda hewani, akivae sikio moja, na jingine aliache wazi.

Karatasi za usiku huo usizitupe. Zipange kwa jina la mshiriki, na wiki inayofuata, kabla hajapanda steji, soma sentensi yako ya tatu ya wiki iliyopita. Kama kanuni zinaruhusu kupima maendeleo, hapo ndipo yalipo. Kama haziruhusu, bado utaweza kumwambia kwamba ile mistari ya kiitikio umeisikia, na safari hii pumzi imetosha.